Damu Niliyochelewa Kuichukua

Mimi si daktari wa kutibu. Hili nimelisema harusini, nimelisema misibani, nimelisema hata dukani kule Sofu ninakonunua mkate, na hakuna aliyewahi kunielewa. Mtu akishajua unashughulika na damu, basi atakunja suruali akuonyeshe goti lake. Mimi ni mtafiti. Ninachochunguza ni jinsi kinga ya mwili, hiyo hiyo inayotupigania tukiugua malaria au tukikatwa na jembe, inavyoweza kukaa macho muda mrefu mno hadi ikaanza kuumiza mishipa ya moyo, hasa mwili ukishaanza kushindwa kutumia vizuri sukari na mafuta. Miaka ishirini na ushee nimeifanya kazi hiyo hapa Kibaha. Nimeipenda kuliko nilivyowapenda watu, na hilo naona nilitangulize.

Tulikuwa tunalinganisha wakulima wa Gwata na wafanyakazi wa viwandani Zegereni. Mwanzoni wazee wa Gwata walituita mumiani, wanyonya damu za watu, wakafungia watoto ndani gari letu likipita. Walipotuzoea wakawa wanatutania: leo mnakwenda kuuza wapi? Kila mshiriki tulimwambia siku moja kabla, kwamba gari litampitia alfajiri. Maelekezo niliyatoa mwenyewe, na kwa jinsi nilivyoyarudia yalikuwa yananitoka kama salamu. Usile chochote kuanzia usiku. Maji ruksa. Na dawa zako za asubuhi usimeze mpaka nikutoe damu.

Tukishamtoa damu tunampa chai na andazi, anameza vidonge vyake mbele yetu, tunamrudisha kwake. Hapakuwa na ubaya wowote katika hilo, kwa sababu saa mbili asubuhi kila mtu alikuwa ameshameza. Nimelipitia jambo hili kichwani mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri, na kila mara nafika pale pale: utaratibu ulikuwa salama, kama siku inajulikana.

Mama mkubwa hakuwa mshiriki. Ni dada wa mama yangu, na ndiye aliyenilea Kisarawe tangu mama alipofariki nikiwa darasa la pili. Alikuwa na presha ya miaka mingi, na kwa dawa hakuwa na mchezo. Kidonge kimoja kila asubuhi kabla ya chai, kadi ya kliniki imefungwa kwenye mfuko wa nailoni isilowe. Kwa mambo mengine yote alikuwa na mchezo. Nilikwenda kumsalimia Jumapili moja, nikamkuta barazani anachambua mchicha.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mumiani umefika?"

"Mama nawe!"

"Si ndiyo kazi yako? Watu wa Gwata wote umewamaliza. Yangu ina nini, imechacha?"

Nikamweleza kuwa sheria za utafiti wetu haziruhusu kumchukua ndugu. Akachambua mchicha wake, kisha akasema, "Haya bwana. Sisi ndugu ni wa kuja kutuzika tu."

Nilicheka, lakini ilinichoma. Nikamwambia nitampima mimi mwenyewe, nyumbani kwake, vipimo vyote, mafuta, sukari, kila kitu, nije na vifaa vyangu. Uso ukamng'aa kama mtoto aliyeahidiwa nguo ya Idi. Akauliza lini.

"Wiki ijayo. Asubuhi mojawapo."

Na bila hata kufikiri nikamtolea yale maelekezo yote, mstari kwa mstari, kama ninavyowatolea watu wa Gwata. Akayarudia neno kwa neno ili nione ameelewa. Asubuhi mojawapo! Mtu mzima, msomi, unayelipwa ili uwe makini, unasemaje maneno kama hayo kwa mgonjwa wa presha?

Wiki ile friji letu la baridi kali likaharibika, ikabidi tuhamishe sampuli za miaka mitatu kwa mikono, tunakimbizana na barafu. Wiki iliyofuata kulikuwa na wageni wa mradi. Mama mkubwa alikuwa ananipigia alfajiri kwa simu ya dada, binti yake anayeishi naye.

"Daktari wangu, nimeamka. Niko tayari."

"Leo sitaweza, mama. Samahani. Wewe kula tu."

"Haya mwanangu. Kazi kwanza."

Nilimwambia kula. Hilo nalikumbuka vizuri, na kwa muda fulani nililishika kama utetezi wangu. Lakini vidonge sikuvitaja hata siku moja. Kwangu, aliyeruhusiwa kula ameruhusiwa na dawa, nani asiyejua? Yeye alijua kingine. Kliniki walishamwambia kidonge ni kabla ya chai, na ukikipitisha wakati wake usikifidie, subiri kesho. Kwa hiyo alikuwa ananisubiri mpaka jua linapanda, anakunywa chai yake, na kidonge anakiacha cha kesho. Kesho anaamka tena kunisubiri. Kwenye simu hakuniuliza, maana daktari wake alishasema usimeze mpaka nikutoe damu, na damu sijaitoa.

Nilichokuwa naandika siku hizo ni ripoti kuhusu kwa nini wagonjwa wetu wa presha wanaishia kuwa na mioyo mibovu. Niliandika kwamba wengi wao hawafuati maelekezo. Jamani! Nilikuwa nakata simu yake, narudi kwenye kompyuta kuandika hivyo.

Wiki ya nne ilikuwa inaanza dada aliponipigia. Sauti yake ilikuwa ya chini mno. Mama ameanguka jikoni, mdomo umekwenda upande, mkono hauinuki. Nilijua ni kiharusi kabla hajamaliza sentensi. Nilipofika hospitali daktari alikuwa anamuuliza dada kama mgonjwa anameza dawa.

"Anameza," dada akasema. "Huyu na dawa? Hajawahi kukosa."

Mimi nikaitikia kwa kichwa.

Mchana dada akanituma nyumbani nikalete khanga na kadi ya kliniki. Kadi ilikuwa pale pale kwenye mfuko wake wa nailoni, pamoja na vidonge. Kazini kwetu tuna desturi ya kuwahesabia washiriki vidonge kujua nani anatudanganya, na mikono yangu ikaanza kuhesabu yenyewe. Kwa tarehe ya kadi, vilipungua hadi ile Jumapili ya mchicha. Baada ya hapo hakikutoka hata kimoja. Nilikaa kitandani kwake na zile khanga mapajani, na nilielewa kila kitu, hapakuwa na sehemu hata moja iliyonitatiza. Katika watu wote niliowahi kuwapa maelekezo, huyu ndiye aliyeyafuata kuliko wote.

Nikarudi hospitali na khanga. Vidonge nilimwonyesha daktari, nikasema inaonekana aliviacha. Akaandika. Sikusema kwa sababu ya nani. Dada alilia, akasema angemsimamia, kumbe mama alikuwa anamzunguka. Nikamwacha aseme hivyo. Wivu wa kazi, woga, sijui niite nini. Nadhani ni woga tu.

Karatasi ya maelekezo niliibadilisha mwezi ule ule. Sasa inasema dawa za presha mgonjwa ameze kama kawaida, na tarehe ya kupimwa iandikwe kwa kalamu. Wenzangu walinisifu, wakasema ni uboreshaji mzuri. Bado iko hivyo, kila kijana anayeanza kazi kwetu ninamkalisha chini nimsomee mpaka anachoka.

Mama mkubwa aliishi miezi minne. Maneno yake yalikuwa yamevurugika, yanatoka mazito, na dada peke yake ndiye aliyeweza kuyafuata. Nilikuwa nakwenda kila Jumamosi, sikukosa hata moja, kama mtu anayelipa kitu kisicholipika. Jumamosi moja alinishika kifundo cha mkono kwa ule mkono wake uliobaki na nguvu, akasema jambo refu, akarudia, machozi yanamtoka. Nikamtazama dada.

"Anaomba umsamehe," dada akasema.

"Nimsamehe nini?"

Dada akainama karibu na mdomo wake, akasikiliza tena.

"Anasema siku ile alipoanguka alikuwa anakusubiri. Njaa ikamzidi, akanywa chai kabla hujaja, na kabla hajakupigia. Anasema ulimkataza, yeye akakiuka, ndiyo maana Mungu akamwangusha. Anasema amekuharibia kipimo chako."

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Dada alikuwepo, mama alikuwepo, akili yake nzima, macho yake juu yangu. Nilikuwa nayo mdomoni yale maneno, mama ni mimi, nisamehe wewe, na nikaona uso wa dada unanitazama kunisubiri.

"Mwambie asijali," nikasema. "Mwambie nimemsamehe."

Dada akamwambia. Mama mkubwa akafumba macho, akanipapasa mkono, akanishukuru.