Mti Uliokatwa Mizizi Upande Mmoja

Asubuhi ya Jumatano, katikati ya Novemba. Zuhura Mnali yuko uani kwake, Chuno, mjini Mtwara. Mkono wa kushoto umeshika tawi la mkwaju lenye unene wa kidole gumba, wa kulia unalizungushia waya wa shaba. Tawi limeshapinda kiasi cha kutisha. Akiliachia sasa, litavunjika.

Simu inaita juu ya ndoo. Anaiacha. Inakatika, inaita tena.

"Nilijisemea, nifunge kwanza," anakumbuka. "Kazi hii ukishaanza kupinda huachi katikati."

Alipomaliza alifuta mikono kwenye kanga, akapokea. Mume wake, Shafii Ngonde, alikuwa amegongwa na lori akiwa kwenye pikipiki, njia ya Madimba. Alizikwa kesho yake baada ya swala ya adhuhuri.

Zuhura ana miaka arobaini na mmoja, na kazi yake ni kukunja miti. Huchukua miti ya porini iliyodumazwa na mawe na upepo, akaipanda katika sahani za saruji, akaikata na kuifunga waya mwaka baada ya mwaka, mpaka mti usiozidi urefu wa goti uonekane mzee kama mti wa msituni. Wanaoijua huiita bonsai. Majirani huiita miti ya sahani, na fundi cherehani mmoja wa Magomeni alizoea kumtania Shafii kwamba ndiye mkulima pekee Mtwara anayelima utapiamlo.

Wateja wengi waliamini kazi yote ni ya Shafii, kwa sababu ndiye aliyeonekana akipita na miti. Ukweli ni kwamba waligawana. Yeye alichimba, mkewe akakunja.

"Shafii hakuwa na mkono wa kukunja. Alivunja," anasema Zuhura, huku akizungusha sahani moja ili upande uliokuwa kivulini upate jua. "Na mimi sikuwahi kushika mtaimbo. Miaka kumi na miwili."

Mti mmoja hukaa mikononi mwake miaka minne au mitano kabla ya kuuzwa. Mzuri hufika laki mbili. Kwa mwaka huuza kumi, pengine minane, na ndiyo iliyomsomesha binti yao, Saida, hadi kidato cha tatu.

Kwa hiyo siku Shafii alipokufa, na miti mipya iliacha kuja. Uani ilikuwapo sitini na kitu. Hiyo ikiisha, imekwisha. Mama yake Zuhura, anayelima mihogo na korosho kijijini, alimwambia mapema: uza iliyopo, rudi nyumbani, jembe lako lipo.

Zuhura aliomba asubiriwe. Kulikuwa na mti mmoja.

Ni mti wa pwani wenye majani madogo magumu, yenye ncha, unaoota juu ya mawe ya matumbawe. Shafii hakulijua jina lake, akauita mjiwe. Aliuona kwenye shamba la baba yake mkubwa, Omari Ngonde, upande wa Msimbati, mahali mikorosho inapokoma na mawe yanapoanza. Shina lake ni nene kama paja, kimo chake hakifiki kiunoni.

Mti mkubwa namna hiyo haung'olewi kwa siku moja, utakufa. Mchimbaji hukata mizizi ya upande mmoja, hujaza shimo mchanga na makumbi yaliyooza, kisha huuacha mti mwaka mzima utoe mizizi mipya. Mvua zikirudi hukata upande wa pili na kuutoa. Shafii alikata upande wa kwanza mvua za mwaka uliotangulia. Nusu ya pili aliipangia mvua hizi.

"Hakuwahi kunipeleka. Aliniambia tu umeinama, na mizizi imekatwa upande wa mashariki," anasema Zuhura. "Nikamwambia mama, nikiweza kuutoa huo, nitajua naweza kuchimba na mingine, nitabaki. Nikishindwa, nakuja kulima mihogo."

Tatizo lilikuwa eda. Miezi minne na siku kumi mjane anatulia nyumbani, na mvua za Mtwara zilianza Desemba zikamkuta ndani.

Kutulia kulimshinda. Majirani wanasema walikuwa wakisikia ndala zake uani kutwa nzima, zikienda na kurudi. Alihamisha sahani kutoka ukuta mmoja hadi mwingine, kisha akazirudisha. Mvua ikipiga bati alisimama mlangoni mpaka iishe.

"Kila mvua niliiona inapotea," anasema. "Ustadh alisema kutoka kwa haja ya lazima kunaruhusiwa mchana. Nikajiuliza, mti ni haja ya lazima? Nikaona aibu kumuuliza."

Badala yake alimtuma jirani yake, Happiness, mwalimu wa shule ya msingi aliyehamia Mtwara kutoka Kagera. Mwalimu alipanda bodaboda hadi Msimbati siku ya Jumamosi, akamtumia picha za kila kichaka alichokutana nacho.

"Mwalimu, huo ni mpera," Zuhura alimjibu kwa simu.

"Umeinama lakini."

"Umeinama kwa sababu una mapera."

"Basi ngoja nikutumie mwingine. Huu unaonekana una huzuni."

Mwalimu alirudi jioni na kilo mbili za mihogo na habari kwamba mzee mwenye shamba alimwambia mti wa namna hiyo haupo.

Eda iliisha mwishoni mwa Machi. Haikupita wiki, Zuhura yuko shambani kwa mzee Omari pamoja na Happiness, mtaimbo begani, panga na msumeno ndani ya kiroba. Ni asubuhi na jana ilinyesha. Mbele yao, kuanzia mkorosho wa mwisho, mijiwe imetapakaa juu ya mawe, mamia. Yote imeinama, kwa sababu upepo wa baharini haukuchagua mmoja.

Wanazunguka. Zuhura anapiga magoti kwenye kila shina nene, anafukua kwa vidole, anainuka, anakwenda kwenye lingine kabla udongo wa magoti haujadondoka. Mwalimu anamwambia apumzike. Anajibu kwamba alipumzika miezi minne.

Jua likishapanda, mzee Omari anakuja na kipande cha mhogo mkononi. Kwa muda amekuwa akiwatazama kutoka mbali.

"Mkwe, unatafuta nini hasa?"

"Mti, baba mkubwa. Marehemu aliuacha."

"Miti si hiyo? Chukua wowote."

"Huo aliukata mizizi upande mmoja. Upande wa mashariki."

Mzee anaacha kutafuna. Anamtazama mwalimu, kisha Zuhura.

"Mashariki," anasema.

"Ndiyo."

"Na kwingine hakugusa?"

"Hakugusa. Ilikuwa zamu ya mwaka huu."

Mzee Omari anaelekeza kwa mhogo kwenye rundo la mawe karibu na ukingo. Yeye haendi. Anasimama alipo, anaeleza.

Mwaka jana alikuta mti umefukuliwa, mizizi imekatwa upande linakochomoza jua, mti wenyewe umeachwa umesimama. Alijua Shafii huwa anang'oa miti, anaifunga kwenye gunia na kuondoka. Hakujua kuna mti unaokatwa nusu na kuachwa. Kwa akili yake, anayechimba hivyo ni mtu wa dawa, na dawa inayochimbwa kwa siri kwenye shamba la mwenzio si ya kuponya. Akaupangia mawe pande zote. Akawakataza wajukuu kufika pale. Hakumwambia mtu, kwa sababu jambo la namna hiyo halisemwi.

"Na kila nikipita nilikuwa nasema neno," anasema.

"Neno gani, baba mkubwa?"

"Kwamba aliyechimba hapa asipate usingizi."

Zuhura anakaa juu ya jiwe. Ni mara ya kwanza anakaa tangu wafike. Anavuta upindo wa mtandio mdomoni, mabega yanatikisika, na inachukua muda kutambua kwamba anacheka.

"Ilimpata," anasema. "Alikuwa halali. Ananiamsha, 'Mama Saida, unadhani umeshatoa mizizi?' Namwambia, mume wangu, mimi nimelala."

Mzee hacheki. "Ningejua ni yeye..."

"Ungemwombea alale?"

"Ningemshikia mtaimbo."

Mwalimu anauliza kwa nini yeye aliambiwa mti haupo.

"Wewe?" anasema mzee. "Wewe nilijua ndiwe mchimba dawa, umerudi kumalizia."

Wanaondoa mawe. Chini yake udongo una unyevu, na Zuhura anapofukua upande wa mashariki anakuta mizizi mipya, myembamba kama nyuzi, rangi ya maziwa. Anaifunika tena kwa udongo, kisha anahamia upande wa magharibi na kupiga mtaimbo.

Anaupiga vibaya. Unateleza kwenye jiwe na kuchuna gome. Anapiga tena. Mzee Omari, ambaye hadi sasa amekaa mbali, anakuja akiburuza mguu na kunyoosha mkono.

"Lete. Wewe kata."

Anachokoa jiwe, Zuhura anakata kwa msumeno kila mzizi unaojitokeza. Mzizi wa mwisho umeingia ndani ya ufa, na haujulikani ulipoishia. Akiukata mfupi mno mti unaweza kufa. Anamwangalia mzee. Mzee anatazama pembeni, maana hilo si lake kuamua. Zuhura anakata.

Mti unasafiri hadi Chuno ndani ya bajaji, mizizi imefungwa magunia mabichi, shina mapajani mwa mwalimu. Wakipita pale njiani Shafii alipogongwa, Zuhura hageuzi shingo. Anamwambia dereva apunguze mwendo kwa sababu ya matuta.

Hayo yalikuwa mwisho wa Machi. Sasa ni Mei, mvua zimekwisha, na mjiwe uko uani ndani ya sanduku la mbao, chini ya kivuli cha makuti. Unamwagiliwa asubuhi na jioni. Majani yote yalidondoka ndani ya siku chache. Zuhura hukwangua gome kidogo kwa ukucha, na chini yake bado ni kijani, lakini chipukizi halijatoka hata moja.

Mama yake amepiga simu mara kadhaa kuuliza kama mti umeshika. Anamjibu kwamba hajui. Akiulizwa basi anarudi lini, anasema pia hajui.

Hajamwambia kwamba Aprili, kabla ardhi haijakauka, alirudi shambani kwa mzee Omari, akachagua mjiwe mwingine na kukata mizizi yake ya upande wa mashariki. Huo utang'olewa mvua za mwakani.