Fundi Mota Anajifunza Kufuma

"Kwani wewe na mama mkwe wako mmekosana nini?"

Swali hilo aliulizwa Fundi Mota asubuhi ya Jumatatu na jirani yake wa mlango wa pili, mshona nguo, aliyejifanya ameleta pasi itazamwe. Pasi haikuwa na ubaya wowote. Ulikuwa ni umbea uliovaa nguo za heshima, lakini Mwenyezi Mungu akitaka kumfumbua mtu macho hata umbea huutumia.

Fundi alijibu kwamba hawajakosana. Jirani akaguna. Akasema basi mama wa watu amekwishafunga mfuko wake, na amempigia simu binti yake, wifi yake Fundi, aje amchukue Jumamosi. Hawezi kuendelea kukaa kwa mkwe asiyeitikia salamu, anayemfukuza kwa kidole kama anafukuza kuku.

Fundi aliduwaa. Kidole alikijua. Kufukuza ndiko hakukujua.

Kazi yake ni kusuka mota zilizoungua: za pampu, za mashine za kusaga, za feni. Alirithi ufundi huo kwa baba yake, na kwa miaka ishirini na mbili chumba cha mbele cha nyumba yake kimekuwa karakana, kinanuka vanishi tangu mlangoni. Waya wa shaba unazungushwa kwenye kibao, mzunguko baada ya mzunguko, na kila koili, yaani kila fungu la waya, ina hesabu yake. Kama ni sitini na nane, ni sitini na nane. Ukipunguza miwili, mota itanguruma siku tatu kisha itoe moshi, na mwenye mali atarudi na maneno yake. Kwa hiyo akiwa katikati ya hesabu, Fundi haongei. Mtu akimsemesha huinua kidole kimoja, macho yakiwa palepale kwenye waya: ngoja kidogo. Mume wake, dereva wa lori, alikizoea kabla ya ndoa. Watoto walikijua kabla ya kujua kusoma. Wateja nao hukaa kwenye benchi wakasubiri.

Mama mkwe ana miezi minane tu hapo nyumbani. Kila asubuhi hupita mlango wa karakana akienda uani, na kila asubuhi husimama kumuuliza mkwewe ameamkaje. Anaambulia kidole. Hakuna aliyewahi kumweleza, kwa kuwa kila mtu alidhani anajua.

Siku hiyohiyo Fundi alimfuata chumbani, akamwomba radhi, akamweleza habari za hesabu. Mama akamsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sawa, mwanangu." Ilikuwa ile sawa ya kumtoa mtu nje kwa upole na kurudishia mlango. Mfuko ukabaki ulivyo, umekazwa kamba, chini ya kitanda. Jioni mume alipopiga simu kutoka safarini alisema yeye hawezi kuingia kati ya mama yake na mke wake, afadhali apambane na mlima.

Fundi si mtu wa maneno. Usiku aliomba, na asubuhi alifanya alichoona anaweza. Alifunga karakana saa nne, akaenda uani ambako mama hukaa na sindano zake mbili akifuma soksi, akamwambia anataka kujifunza.

Mama akaitazama ile mikono. "Mikono hiyo? Kaioshe kwanza."

Akaiosha kwa sabuni ya unga, akairudia mara ya pili. Weusi wa vanishi ukapungua, nyufa zikabaki, na kila ufa ulinasa sufu kama mwiba. Ikabidi aipake mafuta ya mgando. Mama akamwanzishia vitanzi ishirini kwenye sindano ya kushoto kwa uzi wa kahawia uliobaki kwenye sweta, akamwonyesha mshono wa kwanza, ule ambao wengine wote huanzia hapo. Sindano ya kulia inaingia ndani ya kitanzi kutoka mbele kwenda nyuma. Uzi unazungushwa kwenye ncha yake. Unavutwa utokeze mbele, uwe kitanzi kipya. Cha zamani kinaachiwa kidondoke. Basi, hayo tu, mpaka mwisho wa mstari, halafu unageuza kazi na kuanza upya.

Kwenye kuzungusha Fundi hakuwa mgeni. Tabu ilikuwa kukaza. Waya wa shaba ukilegea ni kosa, navyo vidole vyake havikujua habari nyingine. Kila kitanzi alikivuta mpaka kikalia kwenye sindano, na mstari wa pili sindano haikupata pa kuingia. Alisukuma, akatoka jasho, ncha ikamchoma kidole gumba.

"Mwanangu, uzi huu hautoroki," mama alisema. "Mbona umeufunga kama mwizi wa mbuzi?"

Akafumua yote bila huruma, akamwanzishia tena. Siku hiyo alifumua mara tano. Ya sita ilisimama, ingawa ilikuwa ngumu kama kandambili.

Jumatano Fundi alirudi uani na kosa jipya. Vitanzi ishirini vilikuwa vimezaa, vimefika ishirini na tatu, kwa sababu mahali fulani uzi ulipita juu ya sindano bila yeye kuuona. Akafumua mistari mitatu, akaanza kuhesabu kila kitanzi kama anavyohesabu mizunguko, midomo ikichezacheza. Mama akamuuliza kama chai ina sukari ya kutosha.

Fundi akainua kidole.

Hakujua kama amekiinua. Alifuma mpaka mwisho, akasema "ishirini" kwa sauti, ndipo akageuka. "Naam, mama? Umesema?"

Mama alikuwa amekishika kikombe chake bila kunywa, akimwangalia. Kisha akacheka, kwanza puani, halafu kifua kizima, hadi kikombe kikamwagika. "Kumbe hata sufu unaiambia ingoje," alisema. Akajifuta machozi. Alipotulia, akamfundisha jambo ambalo siku mbili zote hakulisema: vitanzi huhesabiwa mwisho wa mstari. Njiani mtu anaongea na mwenzake, vidole vinajua kazi yao.

Basi Alhamisi nzima somo likawa kuongea, na hilo lilimtoa Fundi jasho kuliko la kulegeza uzi. Alisema sentensi moja, akadondosha kitanzi. Akasimulia jinsi baba yake alivyomwachia mota ya kwanza akiwa na miaka kumi na mitano, akadondosha viwili. Mama akaviokota kwa ncha ya sindano na kumsimulia utoto wa yule dereva, ambaye kumbe alikuwa akilia akiona jogoo. Fundi akacheka huku anafuma, na mstari ukatoka na vitanzi ishirini kamili.

Ila mfuko haukufunguliwa. Mama alisema moyo wake umesafika, anamshukuru Mungu, lakini neno alilompa binti yake amekwishalisema, na mtu mzima harudirudi kama mtoto.

Ijumaa alasiri wifi alipiga simu kwamba kesho atafika mapema. Kipande cha Fundi kilikuwa na urefu wa rula, mwanzo wake mgumu, mwisho wake laini. Mama alinyoosha mkono akampa sindano, abaki nazo, yeye ana jozi nyingine.

Fundi hakuzipokea. Tangu aolewe hakuwahi kumwomba mtu yeyote wa upande wa mumewe chochote, hata chumvi. Baba yake alimlea hivyo. Aliweka kazi chini, akaketi kwenye mkeka karibu na miguu ya yule mama.

"Mama, naomba usiende kesho," alisema. "Kaa na sisi."