Bunduki Tatu za Shefu

Jumamosi, 18 Oktoba. Asubuhi manyunyu, mchana jua lisilo na joto, upepo hakuna. Siku njema ya kupima bunduki.

Siku yangu ya kwanza kazini, kule Alexandria ya huku ughaibuni, nilishika bunduki ya upepo kama mtu anayeshika kuku asitoroke. Msimamizi wa chumba cha majaribio, Mkongo wa Lubumbashi ambaye sote tulimwita Shefu, akacheka. "Mama, usiikabe! Haina kosa. Iweke tu kwa mukono, iache iruke." Alisema kweli. Bunduki kama ile, ya springi, hushtuka kabla risasi haijatoka mtutuni, na ukiikaba leo hivi, kesho vile, kila risasi inakwenda kwake. Nimesoma mpaka darasa la saba tu, kwa hiyo nikieleza vibaya mnisamehe.

Duka letu liliuza mitego na dawa za panya, na bunduki hizo kwa wenye bustani nyuma ya nyumba. Wateja wengi waliuliza ipi ina kasi kuliko zote. Shefu alitufundisha tuwaulize sisi kwanza: mji wako unaruhusu? Nyuma ya panya kuna nini, ukuta au mtoto wa jirani? Kutoka barazani mpaka kwenye panya ni umbali gani? Ndipo tulipopima kwa umbali huo huo, risasi tano kwenye karatasi. Matundu yake tuliyaita kundi. Kundi likijibana, mtutu na risasi vimependana. Tulijaribu risasi za aina nyingi, maana mtutu huweza kuikataa ya bei kubwa ukapenda ya rahisi.

Baadaye nilihamishiwa tawi la Falls Church, chini ya meneja mkali wa mauzo, ingawa, nitende haki, ndiye aliyenishikia nafasi yangu nilipougua. Kisha Annandale, nikawa mpimaji mkuu, hadi vidole vilipoingiwa na baridi yabisi nikastaafu. Harufu ya mafuta ya mtutu naitamani mpaka leo, na ile sauti ya Shefu nyuma ya bega langu.

Juzi Shefu alinipigia simu. "Mama Mwende, panya wananimalizia karanga. Unichagulie fusil." Fusil ndiyo bunduki kwa Kifaransa chake. Nilifurahi kama mtu aliyeitwa kazini upya.

Leo nimemwazimia tatu dukani. Kwake tuliegemeza karatasi kwenye magunia ya mchanga, pale pale kwenye bustani yake ya karanga. Alipiga ya kwanza, matundu yakatawanyika kama mtama uliomwagika.

"Iko mubaya. Leta ingine."

Ya pili vile vile. Ya tatu, risasi mbili hazikugusa hata karatasi.

"Duka lenu siku hizi linauzisha takataka?"

Mke wake alikuwa anaanika nguo. "Takataka gani, papa? Jana ulisalimia pipa la jirani. Bonjour, bonjour!"

"Nyamaza, weye."

Kazini hatukuita bunduki mbovu mpaka mkono wa pili uipige. Mkono wa pili nilikuwa mimi. Akanipa ile ya pili bila kunitazama. "Piga."

Niliiegemeza kwenye mto wa kulalia. Nilijua ningeikaba kidogo tu kundi lingetawanyika, naye angeingia ndani akilaumu duka, na kwake macho yangebaki mazima mwaka mwingine. Lakini ng'ambo ya ua wake kuna bembea ya watoto. Nikailegeza mikononi, nikapiga tano.

Alikwenda mwenyewe kwenye karatasi. Hakuinama kuangalia. Alipitisha kidole gumba, akapata tundu moja la zote tano, akakizungusha humo.

"Zirudishe zote," akasema.

Nikazipakia garini. Sijui kama nilitenda vema. Labda mwingine angepata njia ya upole zaidi. Watu husema kustaafu ni kupumzika, na labda kwao ni hivyo. Mimi bado natamani mtu wa kunisahihisha.

Nilipowasha gari akagonga kioo.

"Ile ya pili. Ni ile ungenichagulia?"

"Ndiyo, Shefu. Na risasi nzito, si zile nyepesi. Jumatatu nitakuletea mitego."

Akafikiri, mdomo umebana, kama alivyokuwa akifanya juu ya karatasi zangu zamani. "Umechagua muzuri," akasema, akarudi ndani akipapasa ukuta.

Jioni tulikula ugali, kabeji na mayai, mume wangu na mimi. Nilijipakulia mara ya pili.