Michikichi ya Mpakani

Ko. Mgongo wa panga juu ya shina la mchikichi. Sauti hiyo Mwamvita aliijua kabla hajajua kusoma. Kila mvua zilipoanza, baba yake, Asani, alizunguka shamba lao la Lusangi akigonga michikichi ya mpakani, na majirani waliotembea naye walirudi nyumbani kwake kula kuku. Kwao, aliyetembea mpaka wako na kula chakula chako amekuwa shahidi wako. Hana haja ya kusema neno.

Kwa hiyo walipokuja wapimaji wa ardhi na kamba zao, Asani hakuwauliza wametumwa na nani. Mgeni haulizwi hivyo. Aliwatembeza, akagonga kila mchikichi, Mwamvita akawapikia kuku na sombe ya majani ya muhogo. Walikula, wakashukuru, wakapanda pikipiki zao. Asani akalala kwa amani: sasa hata Serikali ilikuwa shahidi wake.

Mwamvita akaenda Kasongo kusomea sheria. Alikuwa kwenye somo la mali na ardhi wakati mfanyabiashara mmoja wa Kabambare alipofika shambani na sertifika mkononi, hati ya kumiliki shamba lile. Wapimaji wale walikuwa wake. Asani alimpigia binti yake simu, wala hakuwa na hasira.

"Uulize walimu wako, mama. Uwaambie wale watu walikula kwangu."

Hakuuliza. Alisoma. Sertifika isiyopingwa mahakamani ndani ya miaka miwili haivunjwi tena, na ile ilikuwa na miaka minne. Aliurudia ukurasa ule kama anayefunua tena chungu anachojua ni kitupu.

"Mama avoka, utatoboa kitabu," Joël, mwenzake wa darasa, alimtania kana kwamba tayari ni wakili.

"Acha kitoboke. Pengine nyuma iko sheria ingine."

Mtihani ulikuwa wa mdomo. Mwalimu, ambaye hakujua lolote la Lusangi, alimtazama juu ya miwani.

"Familia inalima shamba tangu wakati wa babu. Karatasi hawana. Mtu mwingine ana sertifika ya zamani, haikupingwa. Shamba ni la nani?"

Mwamvita alitazama ukingo wa meza.

"Binti, ulimi umeuacha kijijini?"

Waliokuwa wakingoja mlangoni wakacheka. Akajibu: udongo ni wa Serikali, muda wa kupinga umekwisha, mwenye sertifika ndiye anayebaki. Hata kama aliipata kwa hila, familia itadai fidia tu.

"Na wakileta mashahidi waliotembea mpaka?"

"Haitoshi, mwalimu."

"Safi. Wengine wanakuja hapa kunililia mababu zao." Akamwandikia alama ya juu kuliko wote.

Mwamvita alipofika nyumbani, mvua zilikuwa zimeanza. Asani alikuwa amechinja kuku na kuita majirani, maana binti yake alikuwa analeta neno la walimu. Kabla ya kula akachukua panga, wakazunguka wawili, yeye akigonga, Mwamvita nyuma yake kama zamani. Kwenye mchikichi wa mwisho mzee akasimama.

"Haya, mama. Ulisema nao juu ya shamba?"

"Waliniuliza wenyewe, papa. Kwenye mtihani."

Uso wa mzee ukafunguka. "Na ulijibu vizuri?"

Mwamvita aliweka kiganja penye kovu la panga, mti ukiwa bado na unyevu.

"Nilijibu vizuri, papa," alisema, kwa sauti aliyoisikia mwenyewe tu. "Vizuri kabisa."