Mkeka wa Bibi Ulivyoingia Kwenye Sarafu

Mwaka jana nilikwenda duka moja mjini Dar es Salaam kuagiza medali za shule anayosoma binti yangu. Kijana wa pale aliutazama mchoro niliompelekea, wenye mlima, kitabu, mwenge, twiga na maneno mistari mitatu, akajikuna kichwa. "Mama, hapa pana mambo mengi," akasema. "Kwenye chuma hayataonekana. Tupunguze." Nikacheka mpaka akadhani namcheka yeye. Ikabidi nivute kiti nimsimulie nilichokuwa nakicheka, na wewe nawe acha nikusimulie.

Nilikulia Kibiti kwa bibi mzaa mama, miaka ile ya ruksa, biashara za watu binafsi zilipofunguliwa. Duka la ushirika lilikuwa limebaki na kufuli lenye kutu, lakini barabarani kila wiki kilifunguliwa kibanda kipya: mitumba, sabuni za kunukia, betri, kanda za taarabu zilizoimba tangu asubuhi. Nyumbani kwetu kulinuka ukindu uliochemshwa na kambale wa nazi. Bibi alikuwa msukaji wa mikeka. Kazi yangu ilikuwa kukoroga ukindu kwenye sufuria ya rangi, na vidole vyangu vilikuwa vya zambarau siku zote. Mwalimu wa darasa aliniadhibu mara mbili akidhani nimechezea wino.

Bibi alizaliwa delta, huko ambako Rufiji hugawanyika kabla ya kuingia baharini. Walihamishwa na serikali kuja barabarani akiwa tayari mtu mzima, na hakuwa akipasimulia sana kwao. Badala yake aliisuka delta kwenye mikeka. Kuna mkeka mmoja aliuanza wakati wa masika, akaumaliza korosho zimeshaanza kuanguka. Ulikuwa mpana kama mlango, wenye rangi nne, na kila urembo ulikuwa na jina lake: meno ya mamba, nyayo za kiboko, maji kujaa, maji kupwa, na katikati kabisa, mto. Alipoushona ukili wa mwisho, ule utepe wa ukindu uliosukwa, macho yake yalikuwa yameshaingia ukungu. Akiona mtu mlangoni alikuwa anaona kivuli tu, mpaka mtu atoe salamu. Sote tulijua hatasuka mwingine kama ule.

Mwaka huo shule yetu iliandaa mashindano ya mpira wa pete, kati yetu na shule za Mahege na Dimani. Zamani kikombe kilikuwa kinaletwa kutoka juu. Safari hii ikaja habari kwamba kila shule ijitegemee. Mwalimu mkuu, mama mmoja mrefu mwenye sauti ya upole, alikuja kumjulia hali bibi, akauona ule mkeka ukutani. Akasimama mbele yake muda mrefu.

"Bibi, tutatengeneza medali," akasema. "Na urembo wake uwe huu."

"Sarafu?" bibi akauliza.

"Kama sarafu, ya kuvaa shingoni."

"Haya. Ila msipunguze hata mstari mmoja. Huo ndio wa mwisho."

Kwa kuwa nilijua kuchora, mwalimu akanipa mimi kazi ya kuunakili mkeka kwenye karatasi ya mirabaraba. Siku tatu sikucheza. Nilipomaliza nikaupeleka mchoro kwa fundi mmoja.

Fundi huyo alikuwa amefanya kazi kiwandani Dar es Salaam miaka mingi, akapunguzwa, akarudi kwao na sanduku la vyombo vya kazi. Nyuma ya soko, chini ya mkorosho, alikuwa anayeyusha masufuria mabovu na kumimina miiko na vyungu vipya vya bati. Aliishika karatasi yangu, akaisogeza mbali na uso, akaisogeza karibu.

"Mjukuu wa msukaji," akasema, "mkeka huu una rangi nne. Bati langu lina rangi moja. Na sarafu yenyewe ni kubwa kidogo tu kuliko kifuniko cha soda."

"Bibi amesema usipunguze."

Akaguna. Kisha akanieleza kwamba rangi ataigeuza kimo: zambarau ipande juu, nyeupe ishuke chini. Alichonga sura ya sarafu kwenye kipande cha mpingo, mistari yote, akaigandamiza kwenye udongo laini wa mtoni, akaichomoa, akamimina. Nilikimbia nyumbani na sarafu ya kwanza ikiwa bado na vuguvugu. Bibi akaipitishia kidole gumba. Akarudia tena.

"Hiki nini?"

"Mkeka wako, bibi."

"Aka. Huu uji ulioganda."

Nilifikisha maneno hayo kama yalivyo, na fundi akayachukia. Alikuja mwenyewe jioni ile, mikono imejaa masizi, hata maji ya kunywa akayakataa.

"Mama, kila mstari wako upo. Ukiangalia utauona."

"Macho ya kuangalia sina, mwanangu. Nipe kitu nikione kwa kidole."

Nadhani fundi hakuwa akijua kwamba bibi amefikia hapo. Akavua viatu, akakaa mkekani, akayaomba yale maji aliyoyakataa.

"Basi niongoze wewe," akasema baadaye. "Kidole chako kikisikia, kitu kinabaki. Kisiposikia, naondoa."

Hapo ndipo palikuwa na ugumu. Bibi aliushusha mkeka ukutani, akautandaza, akaanza kuupapasa kutoka pembeni, akitaja kila urembo kwa jina polepole, kama mtu anayeaga. Nikaogopa atakataa. Alipofika katikati mkono ukatulia.

"Vingine ondoeni," akasema. "Niachieni huu mto. Na mamba, kama mnaweza."

Sarafu ya pili ilikuwa na mto uliozungukwa na meno ya mamba. Fundi alilalamika kuwa meno yale yalibomoa udongo wake kila alipochomoa kile kipande cha mpingo, kwa kuwa kingo zilikuwa zimesimama wima. Bibi alipoipapasa akacheka mpaka kanga ikamtoka kichwani. "Mto nausikia, lakini hawa mamba wananikwaruza. Waondoe, hata kule kwetu hakuna aliyekuwa akiwapenda."

Ya tatu aliileta fundi mwenyewe, Ijumaa baada ya sala. Mstari mmoja mnene uliingia kutoka ukingoni, ukagawanyika mara tano kama vidole, kingo zake zimelala kidogo. Kuizunguka kulikuwa na vitone vidogo kama mishono ya ukili. Hakuna kingine. Bibi akaanza kuhesabu midomo ya mto kwa kidole gumba. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Akarudi nyuma, akasimama kwenye wa pili.

"Hapa," akasema. "Hapa ndipo alipozikwa mama yangu. Nyumba yetu ilikuwa upande huu, wenye minazi."

Miaka yote niliyoishi naye hakuwahi kunionyesha kwao. Nilikiweka kidole changu pale pale, na yeye akaweka chake juu ya changu. Fundi akajifanya anafuta masizi kwenye viganja.

Siku ya mashindano tulifungwa na Mahege kwa magoli mawili, tukalia kama tumefiwa. Bibi alikuwa ameketi pembeni ya uwanja akisikiliza filimbi. Wasichana wa Mahege walipovishwa sarafu zao, zenye mikanda ya vipande vya kanga, walipanga foleni kwenda kumshukuru, na yeye akazipapasa zote, moja moja.

"Bibi, huu ni mti?" mmoja akamuuliza.

"Ni mto, mwanangu. Na sasa umehamia kwenu."

Tangu hapo fundi akawa anakuja kila Ijumaa na chungu au mwiko mpya, bibi aupapase na kuukosoa. Walibishana mpaka pilau ikapoa. Halafu masufuria mepesi ya kiwandani yakaanza kufika kwa malori, wateja wakapungua, fundi akahamia Ikwiriri kutafuta riziki. Bibi alitutoka kabla daraja la Ndundu, la kuvuka Rufiji, halijakamilika. Mkorosho ulikatwa, pakajengwa duka.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja wakati ule. Nilidhani watu wazima wote ndivyo walivyo, wanaweza kukaa mchana kutwa wakibishana juu ya kitu kidogo mpaka kiwe sawasawa, kisha wacheke na kula pamoja. Nimekuwa mtu mzima siku nyingi sasa, na nimekutana na wengi. Wa namna ile niliwaona wawili tu, na wote walikuwa barazani kwetu.