Hodi ya Rukia

Haya sikuhadithiwa. Yalinipata mimi, alasiri, nikiwa macho na akili zangu timamu. Jioni ileile niliyaandika kwenye daftari, na daftari ninalo.

Ni fundi cherehani hapa Dunda. Shule niliishia darasa la saba. Mengine nimejifundisha kwa vitabu, na kila kitabu hukisoma kwa utaratibu mmoja: kwa sauti, penseli mkononi, daftari pembeni. Mwaka juzi, nikisubiri basi Msata, nilinunua riwaya iliyochakaa kwenye meza ya mitumba. Jina lake silitaji, lisije likamponza mwingine. Ndani yake mlikuwa na mjane aitwaye Rukia.

Nilimpenda. Kwa nini mtu mzima, mwenye mke, ampende mwanamke wa wino? Nilijiuliza mapema, nikajijibu kijinga: kwa sababu huyu hanichoshi. Nikawa nala huku nasoma. Mke wangu, Mama Tatu, mwanzoni aliyafanya mzaha.

"Baba Tatu, mke mwenzangu anafika lini? Nijue kuongeza maji kwenye mchuzi."

"Mwache, ana haya."

"Haya gani, na kila usiku analala kati yetu!"

Akacheka. Kicheko chake kilianza na pumzi ya puani, kikaishia na kikohozi kidogo. Ndicho kilichonipeleka kwao Mlingotini kuposa. Siku ile hata sikuinua macho.

Ijumaa moja, Mama Tatu akiwa uani anapara samaki, nilifika pale Rukia anaporudi kwa mwanamume aliyemkosea. Anasimama mlangoni, anapiga hodi. Nikasoma kwa sauti: "Hodi." Mstari wa chini: "Hodi." Unajua tulivyolelewa huku pwani, hodi haiachwi bila jibu. Lakini tumefunzwa pia kuuliza kwanza, "Nani?" Mimi sikuuliza. Moyo ulinijaa, nikaitikia, "Karibu. Nyumba yako hii, na vyote vilivyomo."

Pazia la mlango likasogea. Niamini, upepo haukuwapo.

Mwanamke wa buibui aliingia, akaketi mbele ya cherehani. Alikuwa na kovu dogo kidevuni na mwanya katika meno ya mbele. Nilimwuliza, "Wewe ni Rukia?"

"Nimerudi, kama bado wanitaka," akasema. Maneno hayo yalikuwa kwenye ukurasa nilioushika.

"Umetoka wapi?"

"Nimerudi, kama bado wanitaka."

Kisha akacheka. Pumzi ya puani, halafu kikohozi kidogo. Akainuka, akatoka alikoingilia. Nilipochungulia, njia ilikuwa tupu.

Nikakimbilia uani. Mama Tatu alikuwa amesimama, kisu mkononi, magamba yamemganda mikononi. Kovu lake kidevuni na mwanya wake vilikuwa palepale nilipovizoea miaka ishirini.

"Nani kacheka humo ndani?" akaniuliza. "Kicheko changu kile."

Nilikisoma upya kitabu chote, mstari kwa mstari, mara tatu. Mwandishi hakuandika kovu, wala mwanya. Kuhusu kicheko aliandika neno moja tu: alicheka. Sasa hayo mengine nani aliyatia? Ni mimi. Na niliyatoa wapi, kama si kwa mwanamke niliyekuwa siinui macho kumtazama? Hiyo ndiyo sababu niliyokuwa nikiitafuta. Mwandishi hutuachia nafasi tupu, nasi tunazijaza kwa mali za watu wa nyumbani mwetu. Kisha tunawaona wao ndio waliopungukiwa.

Tangu siku ile Mama Tatu hajacheka. Kwenye harusi ya binti yetu, shangazi zake walitaniana mpaka wakashikana mbavu. Yeye alifumbua kinywa, ikatoka pumzi tu. Wanawake wakageuza nyuso. Ananipakulia chakula, ananiitikia salamu. Nilipomwomba radhi alisema, "Ulikaribisha mwenyewe, Baba Tatu."

Kitabu nimekifunga kwa kamba ndani ya sanduku. Kukichoma siwezi, maana sijui nitakuwa nachoma nini. Siku nyingine, nikitunga uzi kwenye sindano, nasikia kikohozi kidogo humo sandukuni. Mama Tatu naye husikia, kwa sababu huacha kufagia.

Ukimpenda mtu wa kitabuni, mtazame kwanza unayekula naye sahani moja, uone amebakiwa na nini. Na ukifika penye hodi, soma kimya.