Damu ya Mtoto Inapelekwa Wapi

Binti yetu alifura midomo mara ya kwanza nyumbani kwa mama mkwe wangu, huko Kabuchai, baada ya chakula cha mchana. Alikuwa hajatimiza miaka mitatu. Aliacha kula ghafla, akaanza kujikuna shingo, kisha nikaona macho yanazibika kama aliyeumwa na nyuki. Tulimkimbiza zahanati, akadungwa sindano, na kufikia jioni alikuwa anacheza. Kila mtu alisema ni mdudu. Nami nikakubali.

Mara ya pili ilikuwa Pasaka, katika nyumba ile ile. Safari hii alitapika pia, na pumzi yake ikawa inatoka na sauti nyembamba. Habari ya mdudu nikaacha kuiamini. Kwetu Kitale mtoto alikuwa anakula mayai, maziwa, njugu na samaki, na hakuwahi kutoka hata kipele. Kwa nini awe mgonjwa huko tu?

Watu wetu walihamia Trans-Nzoia kutoka Mkoa wa Kati kabla sijazaliwa, na mama mkwe hakuwahi kuficha kwamba angependa mwanawe angeoa karibu na nyumbani. Hakunitukana hata siku moja. Alinihudumia kama mgeni, mwaka baada ya mwaka, kikombe kizuri na kiti kizuri, na mtu anayekutendea kama mgeni huwezi kujua anawaza nini juu yako. Nilipomweleza mama yangu, anayeishi Endebess, alisema, "Usimpeleke huko tena. Na wewe mwenyewe uangalie unachokula." Sisi ni watu wa kanisa, mambo hayo hatuyataji kwa jina. Lakini hakuhitaji kuyataja.

Daktari wa watoto mjini Kitale alisikiliza yote, akasema inaelekea ni aleji ya chakula. Mtoto atolewe damu, sampuli ipelekwe Nairobi ikapimwe dhidi ya vyakula mbalimbali. Akaniuliza Kabuchai tulikula nini. Nikamwambia: ugali, kuku, na kunde zilizopikwa na njugu za kusaga.

Mume wangu alimpigia mamake kumweleza. Asubuhi iliyofuata mama mkwe alikuwa mlangoni petu na kuku kwenye kikapu. Kabla ya siku hiyo hakuwahi kuja bila kualikwa.

"Mtoto akifura mdomo, damu inatafutwa ya nini?" aliniuliza kabla hajaketi.

"Ni kujua chakula gani kinamdhuru, Mama."

"Chakula." Alikitua kikapu sakafuni. "Chakula yangu, si ndiyo?"

Nilichukua kikapu nikakipeleka jikoni, nikawa namsikia akiongea na mume wangu kwa Kibukusu, lugha ya kwao, sauti za chini. Nilipotokea walinyamaza.

Alisisitiza kwenda nasi maabara. Nilimpakata mtoto, yeye akasimama karibu kabisa na kijana aliyekuwa anamtoa damu, akifuata kila kitu kwa macho: sindano, kichupa, karatasi iliyobandikwa juu yake.

"Hii damu ya mtoto inapelekwa wapi?"

"Nairobi, Mama."

"Na ya baba hamtoi?"

Kijana alicheka kidogo. "Ya baba ya nini? Si mgonjwa ni mtoto?"

Mama mkwe hakucheka. Mume wangu alikuwa anaangalia dirishani. Mimi nilidhani anauliza kama ugonjwa umetoka upande wao, na nikajiambia: anatafuta pa kujifichia.

Siku za kungoja majibu zilikuwa mbaya. Mume wangu alikuwa amebadilika. Alimbeba mtoto kama kawaida, lakini mara nyingine nilimkuta amemtazama usoni kwa makini, kama mtu anayesoma maandishi madogo. Nikimuuliza kuna nini, anasema amechoka. Niliamini anajua jambo kuhusu jikoni kwa mamake na amekataa kuniambia. Nilianza kusikiliza anapozungumza kwenye simu.

Majibu yalipofika, daktari alitueleza polepole. Damu ilionyesha alama ndogo kwa mayai, lakini kwa kuwa mtoto anakula mayai bila shida, tusimnyime. Alama kubwa ilikuwa kwa simsim, yaani ufuta.

"Hajawahi kula simsim," nilisema. "Kwangu haiingii."

"Damu peke yake haitoshi," daktari akasema. "Ulizeni huko kunde zilitiwa nini."

Mume wangu akapiga simu palepale, akaweka sauti ya wazi ili sote tusikie. Alimuuliza mamake kunde zilitiwa nini. "Unauliza kwa nini?"

"Mama, niambie tu."

"Simsim. Kunde inapikwa na nini ingine? Kila mtu anajua ni simsim."

Mimi nilikuwa nimekula kunde hizo miaka yote nikidhani ni njugu, na sikuwahi kuuliza.

Jumamosi tulikwenda Kabuchai. Nilibeba dawa za mtoto na chakula chake kwenye kibakuli. Mama mkwe alikiona kibakuli, akakiweka juu ya kabati. Nilimweleza alichosema daktari: simsim hata kidogo, hata mwiko uliogusa simsim, inaweza kumziba mtoto pumzi. Alisikiliza mikono ikiwa mapajani. Nilipomaliza akauliza, "Na ile majibu ingine?"

"Ipi, Mama?"

"Ile ya damu. Ya kujua mtoto ni wa nani."

Mume wangu aliinamisha kichwa. Ndipo nikaelewa maabara, dirisha na zile siku zote za kutazamwa kwa mtoto.

"Hakuna kipimo kama hicho kilichofanywa," nilisema. "Mlidhani nini?"

"Nilisikia damu inatoka ya mtoto, inaenda Nairobi, na wewe hutaki nijue," alisema. "Wewe ulidhani nini juu yangu?"

Alikuwa ananitazama usoni, na sikuweza kusema sikudhani kitu. Nilisema, "Nilidhani kuna mtu hapa anamdhuru."

"Mimi."

"Ndiyo, Mama."

Alitikisa kichwa taratibu, akainuka kwenda kuchochea moto. Kuomba msamaha hakukuwepo, upande wowote.

Tukiwa njiani kurudi nilimuuliza mume wangu kama naye aliamini. Alisema hapana. Alichelewa kidogo kulisema, na hatujalizungumzia tena.

Sasa mtoto yuko shule, na likizo huwa tunaenda. Mama mkwe amenunua sufuria na mwiko vya mtoto peke yake, na simsim imehamia nyumba ndogo ya nyuma. Chakula cha mtoto anakipika kwanza, sufuria ikiwa wazi, akitaja kila anachotia: chumvi, kitunguu, maziwa. Ananitajia mimi, ingawa uso ameuelekeza kwenye moto. Nami nasimama pale mlangoni mpaka amalize.